Kwa Niaba ya Dada, Katika Mji wa Akbar

Ndugu msomaji, ikiwa ulikulia mjini katika miaka ya 1960 au ya 1970, huna haja ya kuelezwa Jumapili ilikuwa kitu gani. Asubuhi nguo zilipigwa pasi ya makaa. Adhuhuri ukaliwa wali. Na ilipofika saa nane baba alitangulia mbele, mama akafuata na mtoto mgongoni, nasi wengine nyuma kwa mstari kama bata, kuelekea sinema. Sisi tulikaa Gerezani, Dar es Salaam, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, na mwisho wa mwendo wetu ulikuwa aghalabu ni Avalon. Kihindi hatukujua hata cha kuombea maji. Walakini tulilia mahali pa kulia, tukacheka mahali pa kucheka, na wakati wa kurudi tuliimba nyimbo zote njia nzima, kila mtu kwa maneno aliyojibunia.

Katika filamu zote hizo iko moja iliyotuingia kuliko nyingine, nayo ni Mughal-e-Azam, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza huko India mwaka 1960. Kwa vijana wasioijua nitaieleza kwa ufupi. Mfalme Akbar, mtawala mkuu wa ukoo wa Mughal, ahangaika kwa kukosa mtoto, atembea miguu mitupu jangwani kwenda kuomba dua, naye Mungu ampa mwana, Salim. Mwana huyo akua, apelekwa vitani, arudi shujaa, kisha ampenda Anarkali, mjakazi mcheza ngoma wa kasri. Baba akataa. Baba na mwana wapigana vita, majeshi kwa majeshi, tembo na ngamia na mizinga. Mwana ashindwa, na Anarkali ajitoa ili Salim asiuawe. Hukumu yake ni kujengewa ukuta angali hai. Lakini mwishoni kabisa Akbar amfungulia njia ya chini kwa chini, kwa siri, aondoke na mama yake, na Salim asijue kamwe.

Filamu ile ni ya saa tatu na zaidi, na karibu yote ni nyeusi na nyeupe. Kisha ghafla, Anarkali aingiapo kucheza mbele ya mfalme katika Kasri la Vioo, rangi zinawaka, na dari nzima inajaa Anarkali wadogo wadogo wasiohesabika, kila kioo na wake. Nakumbuka ukumbi mzima wa Avalon ukivuta pumzi kwa pamoja.

Dada yangu mkubwa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipoiona mara ya kwanza. Aliiona tena mara ambazo hakuna aliyezihesabu. Alijifunika kanga usoni kama ushungi, akafunga vifuniko vya chupa miguuni viwe njuga, akacheza uani mbele ya karai la nguo hadi mama akamfukuza kwa mwiko. Hakupata kuolewa na mwana wa mfalme. Aliolewa na fundi wa injini za garimoshi, akazaa watoto watano, akauza vitenge Kariakoo kwa miaka thelathini. Filamu yake hakuisahau.

Mwezi wa Februari mwaka 2024 nilimsindikiza Delhi. Vali moja ya moyo wake ilikuwa imechoka, na kwa kuwa mjukuu wetu mmoja anasoma uhandisi huko, ukoo uliamua apasuliwe huko huko, penye mtu wa kumwangalia na kumtafsiria. Vipimo vikachukua siku nyingi kuliko tulivyodhani. Upasuaji ukapangwa Jumatatu. Ijumaa jioni nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nikimtazama jinsi mtu amtazamavyo mgonjwa akidhani haonekani, naye akanigeukia.

"Mdogo wangu," akasema, "usinikalie hapo kama unalinda maiti. Agra si mbali. Nenda ukanitazamie Kasri la Vioo. Na uwaulize wenyewe kama yule binti kweli aliachiliwa. Nataka kujua kabla hawajanifungua kifua."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi Jumamosi alfajiri nikaenda kituo cha Hazrat Nizamuddin, nikapanda treni iitwayo Gatimaan, iliyoanzishwa mwaka 2016, ambayo huenda mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa na kufika Agra kwa muda wa saa moja na dakika arobaini hivi. Iliondoka saa mbili na dakika kumi kamili. Mwana wa mfanyakazi wa reli hawezi kuacha kutazama saa kituoni, na nakiri nilimkumbuka marehemu baba. Kabla ya saa nne nilikuwa Agra.

Hapa ni lazima nikuungamie jambo, ndugu msomaji. Nimekwenda Agra nisiingie Taj Mahal. Treni ya kurudi iliondoka kabla ya saa kumi na mbili jioni, na mtu aliyetumwa hana siku mbili. Taj nimeiona kwa mbali tu, kutoka juu ya ngome, kando ya mto Yamuna, ikielea katika ukungu wa asubuhi kama sahani nyeupe juu ya meza isiyoonekana. Picha zake umekwisha kuziona kwenye kalenda. Jua tu kwamba aliyeijenga, Shah Jahan, kwa ajili ya mkewe Mumtaz Mahal aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, ni mwana wa Salim wetu wa kwenye filamu. Na ukienda siku ya Ijumaa utaikuta imefungwa kwa watalii.

Ngome ya Agra ndiyo kazi ya Akbar mwenyewe. Aliijenga upya kuanzia mwaka 1565 kwa jiwe jekundu, na kuta zake zinazunguka kiasi cha kilomita mbili na nusu, zikiwa na urefu wa kumfanya mtu apoteze kofia akitazama juu. Sehemu yake kubwa inatumiwa na jeshi hata leo na huruhusiwi kuingia. Langoni nilimpata mwongozaji, mzee aliyekuwa mwalimu wa historia kabla ya kustaafu, mwenye sweta ya kufumwa kwa mkono na Kiingereza cha taratibu. Nilimwambia moja kwa moja: sina haja ya mengi, nionyeshe Kasri la Vioo.

Alinitazama kwa huruma. Nadhani si mimi wa kwanza.

Alinipeleka mbele ya mlango uliofungwa. "Humu ndani," akasema, "kuna chumba cha vioo. Lakini ni cha kuogea, na alikijenga Shah Jahan. Akbar alikuwa amekwisha kufa." Kile kikubwa zaidi, akaendelea, kile kilichowapa watengenezaji wa filamu mfano wao, kimo katika ngome ya Lahore, ambayo sasa iko Pakistan, nacho pia ni cha Shah Jahan, cha miaka ya 1631 na 1632. Akbar alifariki mwaka 1605. Kwa hiyo hakupata kumtazama mtu yeyote akicheza katika ukumbi ule, seuze kumkasirikia.

"Basi kile tulichokiona?" nikauliza.

"Kile kilijengwa Bombay, studioni," akajibu.

Nikayatia hayo moyoni. Mtengenezaji wa filamu hiyo, K. Asif, alianza kuifikiria mwaka 1944, India ingali chini ya Waingereza, na ikamchukua hadi mwaka 1960. Vioo viliagizwa kutoka Ubelgiji. Mafundi walivibandika kimoja kimoja, kisha ikaonekana kwamba taa yoyote iliyowashwa inarudi papo hapo ndani ya jicho la kamera na kuliziba, na watu wakasema haipigiki. Mwishowe wapiga picha waliumulika ukumbi kwa mwanga uliogongeshwa kwanza mahali pengine ndipo ufike ndani. Mimi niliyefanya kazi kiwandani maisha yangu yote, nasema kazi hiyo inastahili heshima ileile inayopewa kuta za Agra. Tofauti ni kwamba kuta zimesimama na ukumbi ulivunjwa.

Kisha nikatoa lile swali la pili. Mzee yule aliketi juu ya ukingo wa jiwe, akavua miwani, akaifuta.

Ukweli, alisema, ni huu. Mwandishi wa Akbar, Abul Fazl, aliyeandika habari za utawala wake kwa maelfu ya kurasa, na hakuacha hata tembo wa mfalme, hakumtaja Anarkali. Salim naye, alipotawala kwa jina la Jahangir, aliandika kumbukumbu zake mwenyewe. Ndani yake yumo kila mtu, hata ndege na maua, lakini Anarkali hayumo. Vita vya baba na mwana vilikuwapo kweli. Mwaka 1600 Salim aliasi akajifanyia baraza lake huko Allahabad, na mwaka 1602 alimpanga mtu amuue Abul Fazl huyo huyo njiani, jambo alilolikiri kwa kalamu yake. Lakini ugomvi ulikuwa ni wa kiti cha enzi. Kisa cha mapenzi kilijulikana sana kwa mchezo wa kuigiza ulioandikwa Lahore na Imtiaz Ali Taj mwaka 1922, nao ndio ulioizaa filamu.

"Kwa hiyo hakuna kabisa mtu wa kale aliyemwandika?" nikauliza, nikijua ni jibu gani nalitaka.

"Yupo mmoja," akasema. Mfanyabiashara Mwingereza, William Finch, alifika Lahore mwaka 1611, akaonyeshwa kaburi zuri likiwa linajengwa, akaandika alivyosimuliwa: kwamba ni la mke wa Akbar aliyeshukiwa kuwa na uhusiano na Salim, na kwamba mfalme aliamuru afungiwe ndani ya ukuta hadi akafa. Kaburi lenyewe lipo Lahore hata leo, na serikali ya jimbo inatunzia humo nyaraka zake za kale. Mtaa wa maduka ulio karibu unaitwa Anarkali, yaani tumba la komamanga.

"Naye hakuachiliwa?" nikasema.

"Kuachiliwa kumo katika filamu," akajibu mzee kwa upole.

Nikatoka ngomeni nikiwa na majibu mawili ya kumpelekea mgonjwa: kasri halipo, na binti alikufa.

Huenda ningerudi Delhi saa ile ile. Lakini mzee alinishika mkono, akaniambia kama nataka kumwona Akbar wa filamu, yule baba anayeomba mtoto, niende Fatehpur Sikri, kilomita kama arobaini upande wa magharibi. Akanitafutia dereva. Barabara ilipita kati ya mashamba ya haradali yaliyochanua, manjano tupu hadi upeo wa macho. Dereva alinunua kwa njia peremende za boga jeupe zinazoitwa petha, sifa ya Agra. Ni tamu mno. Mwenye kisukari asithubutu.

Sasa sikiliza jinsi mji huu ulivyopatikana. Akbar alitawala tangu mwaka 1556, akiwa na miaka kumi na mitatu, na kila alilolitaka alilipata isipokuwa mrithi. Mapacha wake walikufa wachanga. Huko Sikri, juu ya mgongo wa mlima wa mawe mekundu, aliishi mcha Mungu mmoja, Sheikh Salim Chishti, aliyemwambia mfalme kwamba atapata wana watatu. Mke wa mfalme aliposhika mimba akaletwa hapo hapo kwa Sheikh. Mwishoni mwa Agosti 1569 akazaliwa mtoto, akapewa jina la Sheikh. Kutembea kwa miguu kulikoonyeshwa katika filamu kulikuwako kweli, ila kulikuja baada ya uzazi: mwaka 1570 Akbar alitembea kutoka Agra mpaka Ajmer kutoa shukrani. Na kuanzia mwaka 1571 akaujenga mji mzima hapo Sikri, akauhamishia utawala wake. Mwaka 1585 Mwingereza mwingine, Ralph Fitch, aliandika kwamba Agra na Fatehpur kila mmoja ni mkubwa kuliko London. Mwaka huo huo Akbar akaondoka kwenda Lahore kwa sababu ya vita vya kaskazini, na hakurudi kuishi. Wengi husema maji yaliwashinda. Ni kweli kwamba ziwa lao lilipasua kingo mwaka 1582, lakini wanahistoria wanaona vita ndiyo sababu kubwa zaidi.

Ndiyo maana unapoingia humo unapata hisia ya ajabu: si magofu. Ni mji mpya uliosahauliwa na wenyewe. Nakshi zina ncha bado. Padre Monserrate, Mjesuti aliyefika mwaka 1580, alisimulia kwamba mfalme alipenda ujenzi hata mara nyingine alichonga mawe mwenyewe pamoja na vibarua. Ukizipita nguzo zile kwa kidole unaweza kuamini.

Ipo nyumba moja, Diwan-i-Khas. Maneno haya yote mawili tunayo, diwani na hasa, maana yake baraza la watu mahsusi. Ndani yake iko nguzo moja tu katikati, imesimama kama mnazi, na kileleni imetoa makono thelathini na sita yanayobeba jukwaa la duara. Kutoka hapo madaraja manne membamba yanaelekea pembe nne za chumba. Inasemekana Akbar aliketi katikati hapo juu. Uwanjani liko birika la mraba, Anup Talao, na kisiwa chake cha mawe katikati, ambako husimuliwa kwamba mwimbaji mkuu Tansen aliimba. Maji yalikuwamo, ya kijani, na mvulana mmoja alikuwa akirusha vijiwe akikatazwa na mlinzi kwa ishara tu, bila mlinzi kuinuka kitini. Mbele ya birika hilo nilisimama muda mrefu kuliko penginepo. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu ndipo mahali pekee nilipoweza kumweka yule mcheza ngoma na asionekane mgeni.

Ng'ambo ya makasri uko msikiti, na lango lake la kusini, Buland Darwaza, lenye kimo cha mita 54 ukihesabu na ngazi, ambalo limechorwa ndani yake msemo unaonasibishwa na Nabii Isa, unaoifananisha dunia na daraja. Utaiona kazi hiyo ikiwa wauza shanga watakupa nafasi. Ni wengi na hawachoki. Wageni hutozwa kiingilio cha makasri mara nyingi zaidi ya wenyeji, lakini uani mwa msikiti huingia kila mtu, bila viatu. Chukua soksi, maana jiwe lile hubadilika kuwa jiko adhuhuri, hata Februari. Mwezi wa Mei sikushauri.

Katikati ya ua huo mwekundu limekaa kaburi la Sheikh Salim, la marumaru nyeupe, dogo, lenye madirisha ya jiwe lililotobolewa kama wavu. Kila tundu la wavu lile limefungwa uzi, mwekundu na wa manjano, maelfu kwa maelfu, kwa kuwa watu huja kuomba watoto kama mfalme alivyokuja. Nilimwona mwanamke mmoja kijana, mumewe akimshikia mkoba, akifunga wake kwa fundo tatu, kisha akajaribu kama limekaza. Walikuwa watu wa hali ya chini, viatu vya plastiki. Baba yule wa kwenye filamu, mwenye taji na sauti ya radi, sikumwona ngomeni wala barazani. Hapo ndipo nilipomwona.

Mimi si mtu wa mambo hayo, na nyumbani kwetu tumelelewa kutoyafanya. Nilinunua uzi kwa rupia ishirini. Nilichoomba unakijua.

Nilifika Delhi usiku, nikamkuta dada ameketi kitandani, mto nyuma ya mgongo, na muuguzi wa zamu, mama wa makamo, akimpima shinikizo la damu. Mjukuu alikuwa akitafsiri huku na huku. Kumbe dada alikuwa akiuimba ule wimbo wa vioo, kwa Kihindi chake cha Gerezani, na muuguzi amecheka hadi machozi. Kisha akasema neno ambalo mjukuu alisita kulitafsiri.

"Anasema nini?" dada akauliza.

"Anasema... yule aliyecheza Anarkali, Madhubala, alikuwa na tundu moyoni. Tangu kuzaliwa."

Nilimtazama mjukuu kwa jicho kali, lakini neno lilikwisha kutoka. Na ni kweli. Ugonjwa wake ulijulikana mwaka 1954, filamu ingali inapigwa. Inasimuliwa kwamba minyororo aliyovishwa gerezani ilikuwa ya chuma hasa, kwa amri ya K. Asif, na mwili wake dhaifu ukaibeba. Baadaye alipelekwa London, lakini madaktari hawakuthubutu kumpasua. Alifariki Februari mwaka 1969, akiwa na umri wa miaka thelathini na sita.

Dada alinyamaza. Miaka sitini alimwiga mtu yule, na hakujua. "Na alicheza vile?" akasema mwishowe. "Na minyororo ile?"

Muuguzi akamwambia, na mjukuu akafasiri upesi safari hii, kwamba siku zile hapakuwa na upasuaji kama huu, na kwamba daktari wa Jumatatu ameufanya mara nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Na kwa hakika daktari yule alikuwa na upara, ila maana yake tuliielewa.

Alipotoka, dada akanigeukia. "Haya. Kasri umeliona?"

Nikamweleza yote: mlango uliofungwa, Shah Jahan, Lahore, vioo vya Ubelgiji. Hakuhuzunika hata kidogo. Alitaka kujua vioo vilibandikwa kwa gundi gani. Nikamweleza nguzo yenye makono, birika la Tansen, haradali. Uzi sikuutaja.

"Na yule binti?"

Hapo, ndugu msomaji, nilifanya jambo ambalo mwandishi hapaswi kulifanya. Nikasema, "Vitabu vya Akbar havimtaji. Vya Salim havimtaji. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeandika kwamba aliuawa." Kila neno lilikuwa la kweli. Mwingereza nilimfungia kifuani.

"Basi aliondoka," akasema dada, akalala.

Upasuaji ulichukua muda wa saa tano na nusu. Sitaueleza, mwenye kupata kukaa kwenye viti vile vya korido anajua, na asiyepata nisimtamanishe. Siku ya tisa alitembea mwenyewe hadi dirishani. Siku ya kumi na mbili, moyo wangu ukiniuma kwa sababu nyingine, nikamwambia habari za William Finch, kaburi, ukuta na yote.

Alisikiliza akimenya chungwa.

"Huyo Mzungu alikuwapo?"

"Hapana. Alifika mwaka 1611. Akbar amekwisha kufa miaka sita."

"Aliambiwa."

"Aliambiwa."

"Mimi pia niliambiwa," akasema, akanipa nusu ya chungwa.

Tulirudi Dar es Salaam mwezi wa Machi. Jumapili moja baadaye nilimkuta nyumbani kwake Ilala, wajukuu wamemzunguka, wamemtafutia Mughal-e-Azam katika simu na kuiunganisha na televisheni kubwa. Ilikuwa ni ile iliyotiwa rangi yote kwa mashine, ya mwaka 2004. Jangwa lilikuwa kahawia, ngome nyekundu, na Akbar alitembea miguu mitupu katika joho la zari linalong'aa. Vijana walidhani wamemfurahisha.

"Iondoeni hiyo rangi," dada akasema.

Wakahangaika na simu, hawakuipata ile ya zamani. Basi akawaamuru wapunguze rangi ya televisheni kwa kitufe, mpaka ikabaki nyeusi na nyeupe tupu, na tukakaa hivyo zaidi ya saa moja na nusu, tunaangalia mvi za dunia. Anarkali alipoweka mguu wake wa kwanza katika Kasri la Vioo, dada akanyoosha mkono kwa yule mdogo aliyeshika rimoti.

"Sasa," akasema. "Irudishe sasa."